Tuisheni imekatazwa, lakini si Spring Valley

Shule zikifungwa Aprili, kuna walimu ambao kazi yao ndiyo inafunguka. Mwendo wa saa tisa mchana utawaona wakishuka matatu Lower Kabete Road, begi mgongoni, kisha wanatembea kuingia barabara za ndani za Spring Valley ambako matatu hazifiki. Getini wanaacha kitambulisho na kujaza kitabu cha askari. Pale kwa sababu ya kuja, kuna wanaoandika tu "mgeni".

Ni walimu wa tuisheni. Na kabla hujauliza, ndio, tuisheni ya likizo ni haramu Kenya. Mutula Kilonzo akiwa Waziri wa Elimu aliipiga marufuku 2012, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaikataza kwenye kifungu cha 37: faini isiyozidi Sh100,000, jela isiyozidi mwaka mmoja, au zote mbili.

Nia ilikuwa poa, sikatai. Kuna shule zilikuwa zimegeuza wazazi kuwa ATM. Silabasi inakimbizwa wakati wa likizo, na mtoi ambaye mathe hana doo anarudi muhula mpya akiwa ameachwa nyuma. Tuliokuwa shule ya msingi enzi hizo tunajua likizo ilikuwa jina tu.

Lakini angalia ni nani hushikwa. Afisa wa elimu akizunguka likizo, huenda shuleni. Akikuta darasa limejaa, mwalimu mkuu ana kesi ya kujibu. Sijawahi kusikia afisa amebonyeza kengele ya nyumba yenye ua wa kayaba kuuliza yule jamaa mezani anafundisha hesabu ama amekuja kusalimia.

Sasa nenda Kangemi. Si mbali, maana wafua nguo, walinzi na watunza bustani wengi wa nyumba hizi hutoka huko kwa miguu kila asubuhi. Mzazi wa Kangemi alitegemea tuisheni ya shuleni kwa sababu darasa zima liligawana mwalimu mmoja, na bei ikashuka. Hiyo ndiyo inayosakwa. Ile ya mtoto mmoja na mwalimu wake, na chai juu, iko salama salimini.

Na si ya mchezo. Watoto wengi wa mitaa hii husoma mtaala wa Uingereza, na mitihani ya IGCSE hufanywa Mei na Juni, kwa hivyo Aprili ni msimu wa mavuno. Tufanye mwalimu analipwa thao moja tu kwa saa. Wanafunzi wawili, mara tatu kwa wiki, ni Sh24,000 kwa mwezi. Linganisha na walimu wanagenzi wa sekondari msingi waliogoma Mei 2024: wana digrii na diploma, wanafundisha masomo hata ambayo hawakusomea, na malipo yalikuwa Sh20,000 kabla ya makato. Ungekuwa wewe mwalimu mkali wa fizikia, jioni zako ungezipeleka wapi?

China nao walijaribu. Mwaka 2021 walizuia kampuni kutengeneza faida kwa kufundisha masomo ya shule, na wenye pesa wakaita walimu nyumbani kimyakimya. Korea Kusini ilipiga marufuku 1980, mahakama ya katiba ikaifuta 2000. Kwa maoni yangu, badala ya kuvizia shule za umma, serikali ingezifungua asubuhi mbili tatu za likizo, bure, na kuwalipa wale wanagenzi vizuri. Anayetaka aje, asiyetaka alale.

Upande wa mwalimu pia si asali. Mkataba hakuna. Familia inaenda Diani, unajulishwa ukiwa tayari umeshuka stejini, na nauli imeenda. M-Pesa ya mwezi ni "kesho, mwalimu". Halafu kuna mzazi anayetaka umtengenezee mtoi mradi wa CBC mwanzo mwisho, yeye aupeleke tu. Na wengine, kusema ukweli, hawana shida ya hesabu. Wanataka tu mtu mzima akae nao saa mbili bila kushika simu.

Kama unaingia hii kazi likizo hii, chukua cheti cha maadili mema kutoka DCI kabla hujaombwa. Kubaliana na mzazi siku ya kwanza, kwa WhatsApp ili iandikwe, kwamba somo likifutwa siku yenyewe unalipwa nusu. Nauli itajwe kando. Lipwa kila wiki, si mwisho wa mwezi. Na fundishia sebuleni, mlango wazi, watu wa nyumbani wakipita.