Nyumba ya masomo ya Monroe mjini Topeka

Mara nyingi tunapima masomo kwa kutazama nyumba yake. Tukiona matofali mazuri, mabati mapya na madirisha mapana, twasema: watoto wa hapa wana bahati. Nyumba moja ya Marekani yatuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi.

Ni nyumba ya masomo ya Monroe, katika Topeka, mji mkuu wa jimbo la Kansas. Ilijengwa mwaka 1926. Aliyeichora ni Thomas Williamson, naye alifuata namna ya majumba ya zamani ya Italia: kuta za matofali, mapambo ya mawe ya chokaa, na madirisha makubwa yanayoingiza mwangaza katika kalasi. Haikuwa kibanda, ilikuwa nyumba ya heshima.

Lakini ilikuwa ya watoto weusi tu. Sheria ya Kansas ya mwaka 1879 iliruhusu miji mikubwa kutenga watoto wa masomo madogo kwa rangi ya ngozi. Topeka ilikuwa na nyumba nne za namna hiyo kwa weusi, na 18 kwa wazungu. Binti Linda Brown alikaa karibu na Sumner, masomo ya wazungu. Hata hivyo alipaswa kutembea mpaka kituo cha basi, kisha kupelekwa Monroe, mbali zaidi. Baba yake, Oliver Brown, mchungaji msaidizi wa kanisa la Metodisti, pamoja na wazazi wengine 12, walipeleka shauri mbele ya waamuzi mwaka 1951.

Waamuzi wa Kansas walilinganisha nyumba, walimu na mafundisho, wakaona pande mbili zakaribia kuwa sawa. Walikiri kwamba kutengwa kunawaumiza watoto weusi. Lakini, kwa kufuata hukumu ya zamani ya mwaka 1896, wakawakatalia wazazi.

Tuelewe vema jambo hili. Kama Monroe ingalikuwa nyumba mbovu, jibu lingalikuwa rahisi: jengeni nyingine. Kwa sababu ilikuwa nzuri, lilibaki ulizo moja tu: je, kutenga kwenyewe ni haki? Tarehe 17 Mei 1954 waamuzi wakuu tisa wa Marekani, chini ya Earl Warren, walijibu kwa sauti moja: hapana. Mtoto anayetengwa kwa rangi yake afundishwa kujiona duni, hata akikaa katika kalasi nzuri.

Monroe ilifungwa mwaka 1975. Mwaka 1992 serikali iliifanya mahali pa ukumbusho wa taifa, na tarehe 17 Mei 2004 milango yake ilifunguliwa kwa wageni.

Basi sisi tunaosimamia masomo, tuhesabu kalasi na meza, ni lazima. Kisha tuulize pia: nani amebaki nje ya mlango, na kwa sababu gani?