Dalali Kazi Yake Kuonyesha

Ukishuka daladala Goba au Madale, ukaingia barabara za ndani zenye vumbi, hutatembea sana kabla ya kukutana na maandishi ya rangi nyekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Mbele kidogo, kibao kimepigiliwa kwenye mkorosho: KIWANJA HIKI HAKIUZWI, EPUKA MATAPELI. Mgeni wa Dar es Salaam hushangaa. Mwenye mali hajatangaza kuuza wala hajamtuma mtu, iweje anunue kopo la rangi kuwaambia wapita njia kwamba hauzi?

Wenyeji tunaelewa. Kuna aliyesafiri kwenda kumuuguza mzazi, akarudi na kukuta mchanga umemwagwa kiwanjani kwake na mafundi wanachimba msingi. Kuna aliyepangisha nyumba, mpangaji akaiuza. Nyuma ya kila ukuta ulioandikwa hivyo kuna hofu, na watu wakianza kuizungumzia hofu hiyo, wa kwanza kutajwa ni dalali, awe na kosa au asiwe nalo.

Mimi nimeshughulika na madalali nikiwa mpangaji, kisha mnunuzi, na baadaye nikiwa upande wa muuzaji, mama yangu mdogo alipoamua kuuza nyumba yake. Mmoja alinitia hasara. Mwingine alituvusha salama. Tofauti kati yao haikuwa ya tabia peke yake. Kwa yule wa kwanza, nami nilikuwa sijui kazi ya dalali inaishia wapi.

Neno lenyewe linatusaidia. Dalali limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa neno dalili. Ni mtu wa kuonyesha, wa kuelekeza. Hapa kwetu neno likabeba na kazi ya kunadi, ndiyo maana hadi leo anayekamata na kunadi mali kwa amri ya mahakama huitwa dalali wa mahakama. Lakini kiini chake ni kuonyesha. Anayekuonyesha kiwanja amekupa dalili kwamba kipo na kwamba kuna mtu anasema anakiuza. Uthibitisho ni kazi nyingine, na ina watu wengine.

Hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa. Nilikutana na dalali wangu wa kwanza kijiweni, chini ya mwarobaini karibu na stendi, penye benchi na ubao ulioandikwa VYUMBA, FREMU, VIWANJA, MASHAMBA na namba ya simu. Alidai hela ya kuonyesha, nikampa. Tukapanda bodaboda mbili hadi kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini. Akakipima kwa hatua zake, kuanzia kwenye mkorosho hadi ukingo wa shimo la taka. Akanionyesha nguzo ya umeme, akaniambia maji yako njiani, na gari linafika hadi mlangoni hata masika. Kisha akasema maneno ambayo leo nikiyasikia hurudi nyuma hatua mbili: “Bosi, amua haraka. Kuna mtu anakuja jioni na fedha taslimu.”

Nikatoa arubuni ya laki tano. Nikaandikiwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule.

Kesho yake asubuhi nilikwenda peke yangu, kwa furaha tu ya kwenda kukiangalia tena. Jirani wa upande wa kushoto alikuwa bibi anayekaanga maandazi barazani. Nikamwamkia, nikajitambulisha kwamba mimi ndiye jirani yake mpya. Akaepua karai, akanifutia kigoda kwa kanga. “Karibu sana, mwanangu,” akasema. “Ila wewe ni wa tatu kukaribishwa hapa tangu Ramadhani.”

Mzee mwenye kiwanja alikuwa amefariki. Aliyekuwa akikiuza ni mmoja wa watoto wake, na msimamizi wa mirathi alikuwa bado hajateuliwa na mahakama. Kwa hiyo mtoto yule hakuwa na uwezo wa kumuuzia mtu yeyote hata hatua moja ya ardhi ile. Nilipomrudia dalali, aliniapia kwamba naye aliletewa na dalali mwenzake, aliyeletewa na mwingine. Tulipoihesabu safu yote, kati yangu na yule mtoto walikuwapo madalali wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza bibi wa maandazi. Laki tano yangu haikurudi.

Ili kuona kwa nini kuonyeshwa hakutoshi, ni lazima tujue tunanunua nini hasa. Tanzania Bara, ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za 1999, zilizoanza kutumika Mei 1, 2001, zimelishikilia jambo hilo. Tunachonunua ni haki ya kumiliki na kutumia, na hati inaweza kutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Umiliki wa ardhi usio na ukomo uliokuwapo tangu enzi za wakoloni uliondolewa 1963, na kwa miaka mingi baada ya hapo ardhi tupu ilihesabiwa kuwa haina bei. Mtu aliuza alichokipanda au alichokijenga. Babu yangu alipopata eneo lake Mbagala, karatasi ilisema amenunua minazi tisa. Ardhi ilikuja chini ya minazi.

Sheria za 1999 zilitamka wazi kwamba ardhi ina thamani. Jiji nalo likapanuka kuelekea Bunju, Kibamba, Chanika na Kigamboni, na pori ambalo jana halikuwa na mnunuzi likawa na bei inayopanda kila baada ya masika. Hapo kazi ya udalali wa viwanja ikanona, maana mnunuzi anatoka Sinza na muuzaji yuko Msumi, na hawajuani.

Kwa kuwa kinachouzwa ni haki, mnunuzi hana budi kuitafuta haki hiyo mahali inapokaa. Kama kiwanja kina hati, chukua nakala yake na upeleke maombi ya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Jibu litakuambia jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama hati imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio. Kisha mlipe mpima ardhi aje na vifaa vyake alinganishe bikoni zilizopo chini na ramani ya upimaji. Bikoni ni jiwe tu, na jiwe huhamishika usiku.

Kama kiwanja hakijapimwa, ushahidi wako ni watu. Nenda kwa majirani wa pande zote, tena bila dalali, saa ambayo hawakukutarajia. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa uulize kama kiwanja kina mgogoro, kisha uende idara ya mipango miji ya manispaa uulize eneo lile limepangiwa nini. Swali hili la mwisho ndilo watu wengi huliruka, na ndilo limewaliza wengi zaidi. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilianza kubomolewa. Mwaka 2017 zikafuata nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Mita hizo hazina uzio, na dalali akiwa shambani na wewe hazioni. Huja kuonekana siku ukuta wako unapopigwa X nyekundu.

Muulize pia muuzaji kuhusu familia yake, na usione aibu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukiambiwa mke amesafiri, subiri arudi. Ukiambiwa mwenye mali ni marehemu, omba barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na usome jina lililomo.

Upande wa muuzaji una machungu yake. Mama mdogo alitaka milioni sitini kwa nyumba yake ya Temeke, akawaambia madalali watatu. Miezi minane ikapita bila mnunuzi. Siku moja nikapita kijiweni kwao kama mteja nisiyefahamika, nikaiulizia nyumba ileile. Nikatajiwa milioni sabini na tano. Milioni kumi na tano zilikuwa za madalali, ndicho kinachoitwa cha juu. Mama mdogo alikuwa anasubiri, wanunuzi walikuwa wanakimbia, na yeye alidhani nyumba yake ina mkosi.

Cha juu kimezoeleka hadi watu wanakiona kuwa halali ya dalali. Sivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima kuhusu wakala na aliyemtuma, na inamtaka wakala amtolee aliyemtuma hesabu. Ukimtuma mtu akuuzie mali, una haki ya kujua imeuzwa kwa bei gani. Na mnunuzi anayelipa sabini na tano huku mkataba wake unasema sitini amejiweka pabaya, maana kesi ikija atapata shida kudai zaidi ya kilichoandikwa. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaoandika bei ndogo kwa kukwepa kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu. Unachokificha leo, kesho huwezi kukidai.

Aliyetuvusha alikuwa mzee mmoja mwenye baiskeli na daftari la mistari. Alikuja, akakataa kuanzia na bei. Aliomba kuona hati halisi kwa macho, akachukua nakala tu, halisi akamrudishia mama mdogo mkononi. Akaomba kitambulisho, akalinganisha majina herufi kwa herufi. Kisha akauliza, “Mama, na baba mwenye nyumba yuko wapi? Napenda nisikie kwake pia.” Baba mdogo akaitwa kutoka kazini, akaja, akakubali mbele yake. Hapo ndipo mzee alipochana karatasi moja, akaandika: bei milioni sitini, malipo yake asilimia tano, yatolewe baada ya fedha yote kuingia benki, na ruhusa yake ya kuuza iishe baada ya miezi mitatu. Wote wakatia sahihi.

Mnunuzi wa kwanza alipokuja, mzee alimpeleka uani akamwonyesha alama ya maji ukutani, urefu wa kiganja kutoka chini. “Masika maji yanaingia mpaka hapa. Uione sasa, usije ukanilaumu.” Mnunuzi akaondoka. Mama mdogo alikasirika, mimi nikaanza kumheshimu. Wiki ya sita alikuja mwingine, akaonyeshwa alama ileile, akakadiria gharama ya kuinua uwanja, akanunua. Siku ya malipo mzee aliwakalisha muuzaji na mnunuzi meza moja mbele ya wakili, kila mmoja akaisikia bei kwa mdomo wa mwenzake. Alipewa milioni tatu zake hadharani, akahesabu na kushukuru.

Nafikiri mara kwa mara juu ya mzee yule. Alifanya kazi ya dalali kama neno linavyotaka: alionyesha. Alionyesha hati, alionyesha mume, alionyesha hata maji ya masika. Watu kama yeye wapo katika kila mtaa, lakini wanashindana na wenye maneno matamu, na sisi wateja ndio tunaowapa ushindi hao wenye haraka. Wenzetu Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi tangu 1984, yenye bodi ya kuwasajili, na kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa. Kwetu, mtu huamka asubuhi na kuwa dalali kwa sababu ana simu. Ningependa kuona siku ambayo dalali wa kijiweni atakuwa na kitambulisho cha kazi yake, namba ya usajili na mahali pa kushtakiwa. Hadi siku hiyo, karatasi moja ya makubaliano kabla ya kuonyeshwa, na siku saba za kuuliza kabla ya kutoa arubuni, zitaokoa fedha nyingi. Mali inayoshindwa kusubiri siku saba ina jambo inalolikimbia.

Hatimaye nilipata kiwanja mtaa uleule, barabara ya tatu. Nikitoka asubuhi hupita mbele ya kile nilichopoteza laki tano. Kimeota majani, na kwenye shina la mkorosho kuna bati lililoandikwa kwa herufi zisizolingana: HAKIUZWI, KINA MIRATHI. Nilidhani familia ndiyo iliyoweka. Nikamuuliza bibi wa maandazi, akaniambia ni mjukuu wake aliyeandika, kwa rangi aliyomnunulia yeye mwenyewe.

“Nimechoka, mwanangu,” alisema, “kukaribisha majirani wasiohamia.”