Ni kijana mvivu, au ni uchumi ulio mgonjwa?

Katika nyumba nyingi siku hizi hukosi mtu mzima anayeamka asubuhi na hana pa kwenda. Ana cheti cha sekondari, pengine hata shahada, na shati moja jeupe lililotengwa kwa ajili ya siku ya kuitwa kuhojiwa. Mwaka wa kwanza wazazi humwonea huruma. Mwaka wa pili huruma hupungua. Ukifika wa tatu, baba huanza kunong'ona, kisha kusema kwa sauti, kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba yeye alipokuwa na umri huo tayari alikuwa na mke, watoto wawili na kazi ya kudumu.

Mama naye hukaa katikati, akimtetea mwana leo na kumkemea kesho. Karo ya wadogo haijalipwa, deni la dukani linapanda, na mchumba wa kijana amechoka kungoja. Ukosefu wa kazi, msomaji, haumpigi mtu mmoja. Huipiga nyumba nzima.

Ugomvi huo wa mezani una ndugu yake mkubwa. Kwa zaidi ya miaka 60 sasa, serikali, waajiri, vyama vya wafanyakazi, wafadhili na wasomi wa uchumi wamekuwa wakibishana juu ya swali hilo hilo: kazi zimeenda wapi, na nani wa kulaumiwa? Ni vyema jamaa wa nyumbani wazijue hoja zenyewe kabla ya kumalizia hasira zao kwa mtoto.

Mikataba ya baada ya uhuru

Wako wanaodhani kwamba zamani kila mtu alikuwa na kazi. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1964, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, mitaa ya Nairobi ilikuwa imejaa watu wanaotafuta vibarua. Serikali iliwaita waajiri na vyama vya wafanyakazi, wakatia sahihi mkataba. Waajiri wa kibinafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15. Vyama navyo vikakubali kutodai nyongeza ya mishahara kwa muda. Mikataba ya namna hiyo ilirudiwa mwaka wa 1970 na tena mwaka wa 1979.

Mbona haikuponya ugonjwa? Wasomi wawili wa Marekani, John Harris na Michael Todaro, walitoa maelezo mwaka wa 1970 ambayo hadi leo hufundishwa vyuoni. Walisema mtu haondoki kijijini kwa kuwa ana hakika ya kupata kazi mjini. Huondoka kwa kuwa amepima mshahara wa huko pamoja na bahati yake ya kuupata, akaona afadhali kubahatisha kuliko kubaki na mapato madogo ya shamba. Kwa hivyo nafasi 100 zikitangazwa mjini, huenda wakaja watu 300. Kuongeza kazi za mjini huku shamba likiachwa vile vile ni kama kujaza maji katika pakacha.

Idadi ya watu

Hoja ya pili ni ya uzazi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1969 ilipata Wakenya wasiofika milioni 11. Mwaka wa 1989 walikuwa milioni 21, na mwaka wa 2019 wakafika milioni 47.6. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alikuwa akizaa, kwa wastani, watoto wapatao 8. Watoto hao walikua, wakasoma na kuanza kutafuta kazi wakati uchumi wenyewe unachechemea.

Hoja hii ina uzito, lakini si ya kubebeshwa mzigo wote. Uzazi umepungua sana. Uchunguzi wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha wastani wa watoto 3.4 kwa kila mama. Tena mtu si mdomo tu, bali ni mikono na ni mteja pia. Watu wengi wenye fedha mfukoni huwapa kazi fundi viatu, mwokaji mikate na mwalimu. Tatizo ni watu wengi wasio na fedha.

Lawama kwa shule

Hoja ya tatu huwaelekea walimu. Inasemekana shule ziliwafunza watoto kutamani meza, kalamu na tai, wakadharau jembe na nyundo. Hoja hiyo ndiyo iliyosaidia kuleta mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985, uliokusudiwa kumwezesha mtoto kujiajiri kwa useremala, ushonaji na kilimo. Wazazi wa wakati huo wanakumbuka kuombwa mbao, vitambaa na fedha za kujenga karakana. Shule nyingi hazikuwahi kupata vifaa vya kutosha, na mwishowe watoto waliusoma useremala kwa kuukariri. Mtaala wa umilisi, ulioanza mwaka wa 2017, nao umebebeshwa matumaini yale yale.

Lakini elimu, hata iwe nzuri namna gani, haiumbi kazi. Humwandaa mtu kwa kazi iliyopo. Mwaka wa 2024 watahiniwa zaidi ya 900,000 walifanya mtihani wa kidato cha nne. Mwaka huo huo, kulingana na takwimu za serikali, kazi mpya zilizopatikana katika sekta rasmi, yaani kazi zenye barua ya kuajiriwa na mshahara wa mwezi, hazikufika 80,000. Weka takwimu hizo mbili mezani, kisha umuulize baba kama bado ni uvivu.

Masharti ya wafadhili

Hapa ndipo mjadala huwa moto. Tangu mwaka wa 1980, Kenya ilipoanza kupokea mikopo ya Benki ya Dunia ya kurekebisha uchumi, fedha zilikuja na masharti: punguza watumishi wa serikali, ondoa udhibiti wa bei, fungua mipaka kwa bidhaa za nje, uza mashirika ya umma. Masharti yaliuma hasa katika miaka ya 1990. Kuanzia mwaka wa 1993 watumishi wa ngazi za chini walishawishiwa kustaafu mapema kwa hiari, wakapewa kiinua mgongo na kurudi kwao. Wengi walikuwa wazazi wenye watoto shuleni. Mwaka wa 1998 hata walimu waliohitimu, ambao zamani waliajiriwa moja kwa moja kutoka chuoni, waliambiwa wangoje.

Wanaoitetea sera hiyo husema serikali ilikuwa imeajiri watu wengi kuliko uwezo wake, mashirika yake yalikula kodi bila faida, na mlipa kodi hangeweza kuendelea kuwalipa watu wa kunywa chai ofisini. Wanaoipinga huuliza: ikiwa kazi za serikali ziliondolewa ili sekta ya kibinafsi ichukue nafasi, mbona sekta hiyo nayo ilivunjwa miguu wakati ule ule?

Mfano unaotajwa zaidi ni wa nguo. Mkulima alipanda pamba, kiwanda kikachambua, kingine kikasokota nyuzi na kufuma, na fundi akashona. Kisumu ilikuwa na Kicomi, Eldoret ilikuwa na Rivatex, na Thika pia ilikuwa na vyake. Mipaka ilipofunguliwa, mitumba ikamiminika, na shati la mtumba likauzwa kwa bei ambayo kiwanda chenye mitambo mikuukuu na umeme ghali hakingeweza kuifikia. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Rivatex iliwekwa chini ya mrasimu mwishoni mwa miaka ya 1990, ikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007. Mkulima wa pamba naye, bila mnunuzi wa kutegemewa, aling'oa mimea.

Hata hivyo, mgala muue na haki yake mpe. Mitumba hiyo hiyo ndiyo iliyowavisha watoto wa kabwela, na ndiyo inayowalisha maelfu ya wauzaji kutoka Gikomba hadi Kongowea. Ukiipiga marufuku kesho, utamwokoa mfumaji huku ukimzamisha mchuuzi. Ndiyo sababu mjadala huu hauishi: kila dawa ina mtu inayemchoma.

Ufisadi na riba

Wengine husema tuache kuwatafuta wachawi ng'ambo ilhali mchawi yuko jikoni. Wanakumbusha kashfa ya Goldenberg ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo mabilioni ya fedha za umma yalilipwa kwa mauzo ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwapo. Bei zilipanda vibaya. Mwaka wa 1993 mfumko ulifika asilimia 46 hivi. Ili kuinyonya fedha iliyozagaa, serikali ilikopa kwa riba za juu ajabu. Benki zikaona hakuna haja ya kumkopesha fundi wa Kariobangi ikiwa serikali inawalipa zaidi bila jasho. Biashara isiyopata mkopo haikui, na biashara isiyokua haiajiri.

Jambo hilo halijapita na wakati. Kila serikali inapokopa sana nyumbani kulipia madeni, mfanyabiashara mdogo husukumwa pembeni. Na inapotaka kulipa kwa kuongeza kodi, mambo huweza kuharibika, kama ilivyoonekana Juni mwaka wa 2024 vijana walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Wengi wao walikuwa na vyeti mkononi na hawana kazi.

Mashine na mikono

Huko Kericho mjadala umevaa sura nyingine. Waajiri wa mashamba makubwa ya chai husema gharama za wafanyakazi zimepanda kuliko bei ya chai, hivyo wameleta mashine za kuchuma. Wachumaji hujibu kwamba mashine moja huwaondoa watu wengi, na kwamba familia nyingi hazina shamba la kurudia. Mwezi wa Mei mwaka wa 2023 hasira zilizidi na mashine kadhaa zikachomwa moto. Moto haukuleta kazi, lakini ulionyesha jinsi watu walivyofika mwisho wa kamba.

Kazi zipo, malipo hayapo

Mwaka wa 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja kuchunguza hali ya ajira nchini. Ripoti yake ilisema jambo ambalo lilishangaza wengi: tatizo kuu la Kenya halikuwa watu wanaokaa bure, bali watu wanaofanya kazi kutwa kucha na bado ni maskini. Mama anayeuza mboga kando ya njia hayumo katika hesabu ya wasio na kazi. Fundi wa Kamukunji anayegonga mabati chini ya jua kali hayumo pia. Ripoti hiyo iliitaka serikali ikome kuwabomolea watu hao vibanda na badala yake iwasaidie.

Leo hao ndio wengi. Kati ya kazi mpya zilizohesabiwa mwaka wa 2024, takriban 9 katika kila 10 zilikuwa za jua kali. Na kwa vipimo vya kimataifa, mtu akifanya kazi ya malipo kwa saa moja tu katika wiki, huhesabiwa kuwa ameajiriwa. Ndiyo maana uchunguzi wa serikali wa mwaka wa 2015 na 2016 ulipata wasio na kazi asilimia 7.4 pekee, takwimu ambayo mtu wa mtaani akiisikia hucheka.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tuache kupimana kwa vipimo vya zamani. Baba aliyeandikwa kazi ya karani kwa cheti cha darasa la saba hakuwa hodari kuliko mwanawe. Alizaliwa wakati mwingine. Lakini kijana naye ajue kuwa mkono mtupu haulambwi. Kushika kibarua huku ukitafuta bora zaidi si aibu, na cheti hakiozi kwa sababu mwenyewe anaosha magari.

Pili, tuwe macho na wauza ndoto. Fedha zinazotumwa nyumbani na Wakenya walio ng'ambo zilikaribia dola bilioni 5 mwaka wa 2024, na ni kweli zimejenga nyumba na kulipa karo. Lakini kabla ya kuuza kipande cha ardhi ili kumlipa ajenti wa kazi za Ghuba, jamaa wahakikishe kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, wausome mkataba na wabaki na nakala.

Tatu, wanasiasa wakija na ahadi, tusipige makofi haraka. Mwaka wa 2002 tuliahidiwa nafasi 500,000 kila mwaka, na ahadi nyingine zimefuata tangu hapo, kutoka Kazi kwa Vijana ya mwaka wa 2009 hadi Hazina ya Hustler ya mwaka wa 2022. Atakayekuja tena kuomba kura tumuulize maswali matatu mepesi: ni kazi gani, zitalipa kiasi gani kwa mwezi, na nani atanunua kitakachotengenezwa? Asiyeweza kujibu hilo la tatu, hayo mawili ya kwanza anabahatisha tu.