Ki, Gi, Ji au Si? Jamani tusichekane bure

Juzi hapa Kambarage nipo intaneti kafe nasubiri kompyuta, jamaa wawili wakaanza kuzozana. Mmoja kwao Bariadi, mwingine mtoto wa hapa hapa Shinyanga. Kila mmoja anamcheka mwenzake kuwa Kisukuma chake ni cha kuokota! Nikasema ngoja niliweke hili sawa.

Iko hivi. "Sukuma" kwa lugha yetu ni kaskazini. Kusini ni dakama, mashariki kiiya, magharibi ng'weli. Yaani Msukuma ni mtu wa kaskazini tu. Sasa huyo mwenye Kisukuma "chenyewe" ni nani?

Sikilizeni majina. Mtu wa upande wa Mwanza anaita lugha yake Kimunasukuma. Wa Bariadi anasema Ginantuzu. Sisi wa upande wa Shinyanga, Jinakiiya. Mmeona? Mwanzo wa neno ni ule ule, kama "ki" ya Kiswahili, ila huyu anatamka ki, yule gi, sisi ji. Hakuna aliyekosea. Ni lahaja tatu za lugha moja.

Ukipita Kahama kwenda Masumbwe na Ushirombo unawakuta Wasumbwa, wao wanasema Sisumbwa. Hapa ndipo wengi tunachemsha, tunadhani hicho ni Kisukuma kilichoharibika. Siyo kweli. Mwaka 1948 mtaalamu Malcolm Guthrie alizipanga lugha za Kibantu kwa namba: Kisukuma F21, Kinyamwezi F22, Kisumbwa F23. Ni ndugu, lakini kila mmoja na nyumba yake.

Tatizo ni kwamba Kisumbwa kinabanwa pande zote. Wasukuma wamehamia huko kwa wingi na ng'ombe wao, na dhahabu imevuta watu wa kila kabila. Machimboni Kiswahili, gulioni Kiswahili au Kisukuma. Kisumbwa kinabaki kwa wazee nyumbani.

Nina rafiki wa Ushirombo. Miaka yote bibi yake akimsemesha Kisumbwa, yeye anajibu Kiswahili, maisha yanaenda. Bibi alipougua mwishoni, Kiswahili kikamtoka chote. Jamaa akawa anakimbia kwa jirani kuuliza bibi anataka nini. Mjukuu wa damu kabisa!

Na usidhani utakwenda kujifunzia kitabuni. Sarufi ya padre Capus ya 1898 ni ya Kifaransa. Utafiti wa Balla Masele wa 2001, aliolinganisha Kisumbwa, Kisukuma na Kinyamwezi, aliuandikia chuo cha Canada kwa Kiingereza. Sisi wa fomu foo tutaponea wapi?

Simu unayo, ina kurekodia. Ukienda likizo mrekodi bibi hata dakika kumi, akitaja mimea, vyombo, majina ya ndugu. Halafu muulize maana.

Haya, kwenu mnasema ki, gi, ji au si? Tupia neno moja la bibi yako hapo chini na maana yake. Ila kuchekana marufuku!