Okapi: Neno la Beni Kwenye Kamusi za Waingereza

Kamusi kubwa za Kiingereza zina neno moja lililochumwa katika misitu ya Beni, mashariki mwa Kongo: okapi, jina la mnyama. Zenyewe zinakiri kwamba limetoka kwa Wambuba, watu wa huko. Wambuti, mbilikimo wa msitu huo, walilitamka karibu hivyo hivyo, ila k waliimezea kooni: o'api. Mpelelezi Stanley alisikia kingine kabisa. Katika kitabu chake cha 1890 aliandika "atti", mnyama kama punda, anayekula majani, ambaye Wambuti humnasa kwa mashimo.

Punda huyo ndiye aliyemkosesha usingizi Harry Johnston, kamishna wa Uingereza huko Uganda. Mwaka 1900 alikuwa akiwarudisha kwao Wambuti waliochukuliwa na Mjerumani aliyetaka kuwaonyesha watu Paris. Katika ngome ya Mbeni, karibu na Semliki (jina ni lile lile la Beni), maofisa wa Kibelgiji walimwambia mnyama huyo si mgeni: askari wao walijifunga mikanda ya ngozi yake. Waongozaji wakampeleka msituni, wakamwonyesha nyayo. Kwato zilikuwa zimepasuka katikati. Johnston akakataa. Alikuwa akimtafuta ndugu wa punda, na ukwato wa punda haupasuki. Akaona wanampoteza njia.

Vipande vya mikanda ile vikafika London, na mapema 1901 Philip Sclater, katibu wa Jumuiya ya Zoolojia, akamtangaza mnyama kuwa wa jamii ya farasi: Equus johnstoni. Haikupita miezi mingi, Karl Eriksson, Mswidi aliyeisimamia ngome ya Mbeni, akatuma ngozi nzima na mafuvu mawili. Kumbe ni ndugu wa twiga! Ray Lankester akambadilishia jina: Okapia johnstoni. Neno la Wambuba likatangulia, la kamishna likafuata. Waliosoma nyayo sawasawa hawakutajwa katika jina hilo.

Mwingereza akitaka wengi husema okapis, au okapi tu. Kwetu Butembo neno limepata kazi nyingine. Tangu 2002, mtu wa mtaa wa Kimemi akisema "Okapi imetangaza", anamaanisha redio ya Umoja wa Mataifa, na huenda mnyama mwenyewe hajawahi kumtia machoni.

Lakini yupo. Mwaka 2008 kamera zilizotegwa katika msitu wa Hifadhi ya Virunga zilimpiga picha, na okapi watatu wakatambulika kwa milia yao, maana hakuna wawili wanaofanana. Waliozitangaza picha hizo ni Jumuiya ya Zoolojia ya London, ile ile ya bwana Sclater.