Je, Wajua? Kitabu cha karatasi na kitabu cha kwenye simu

Je, wajua kwamba riwaya unayoiona ikitangazwa Instagram leo asubuhi, kesho inaweza kuwa imelala kwenye buti la basi la Mbeya? Waandishi wengi wa Dar es Salaam hawana duka wala msambazaji. Mteja wa mkoani anatuma pesa kwa simu, mwandishi anafunga kitabu kwa karatasi ya kaki, anaandika jina na namba ya mpokeaji kwa maka peni, kisha anapanda daladala hadi Mbezi Luis na kukiacha kwenye ofisi ya basi. Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichopo hapo kilizinduliwa Februari 24, 2021 kuchukua nafasi ya stendi ya Ubungo. Hakikujengwa kwa ajili ya vitabu, lakini ukiniuliza mimi, kinavisambaza kuliko maduka mengi yenye kibao cha vitabu mlangoni.

PDF ya kitabu hichohicho ingefika kabla mwandishi hajamaliza kukata selotepu. Kwa nini basi watu wanangoja basi?

Sababu moja ni hii: vitabu vingi vya Kiswahili tunavyovitafuta havijawahi kutolewa rasmi kama vitabu vya kielektroniki. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, enzi ambayo kompyuta ya mezani ilikuwa haijaenea. Ndiyo iliyotoa Kuli ya Adam Shafi mwaka 1979. Ndiyo pia iliyotoa mwaka 1972, kwa pamoja na wachapishaji wa Bogle-L'Ouverture wa London, kile kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma, ambacho Rodney alikiandika akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vitabu vya enzi hiyo vilipangwa herufi kwa mikono na mashine. Hakuna faili lililobaki mahali likisubiri kutumwa.

Kinachozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, basi, mara nyingi si kitabu. Ni picha za kitabu. Mtu alifungua nakala yake, akaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akaziunganisha. Utaona kidole gumba pembeni, mistari imelala upande, na ukurasa wa 47 umerukwa. Je, wajua jinsi ya kujua tofauti kabla hujatumia bando lako? Omba kipande kidogo, kifungue, kisha gandamiza neno moja kwa kidole. Likijichagua, hayo ni maandishi halisi. Lisipojichagua, umepewa picha. Maandishi halisi ya muundo wa EPUB, uliopitishwa mwaka 2007, hujipanga upya kulingana na upana wa simu yako, na ukikuza herufi hazikimbii nje ya kioo. Riwaya nzima ya namna hiyo kwa kawaida haifiki hata MB 2. Riwaya ya picha inaweza kula MB 60, na bado utaisoma kwa kuivuta kushoto na kulia mstari baada ya mstari mpaka kichwa kiume.

Wapo wanaokata shauri kwa kuipeleka PDF kwenye steshenari, ichapwe na kubanwa kwa ile mistari ya plastiki. Kabla hujafanya hivyo, zidisha bei ya ukurasa mmoja mara kurasa 300. Kisha mtafute mwandishi.

Je, wajua kuwa kioo cha Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, hakifanani kabisa na kioo cha simu? Ndani yake mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme ukipita, rangi moja hupanda juu na nyingine huzama. Zikishapanda hukaa hapo bila kula chaji mpaka ufungue ukurasa unaofuata. Ndiyo maana betri yake hudumu wiki kadhaa, na jua la saa saba mchana pale stendi halifuti maandishi bali huyakoleza. Wino huo wa vidonge ulibuniwa Marekani, kwenye chuo cha MIT, na kampuni ya E Ink ikaanzishwa mwaka 1997. Kindle ya kwanza ilipoingia sokoni Novemba 2007, kwa dola 399, iliisha yote ndani ya saa tano na nusu.

Msomaji wa kawaida wa Mbezi hana Kindle. Ana simu. Na simu ina WhatsApp, ina mpira, ina michango ya harusi. Ukisoma riwaya kwenye simu, kila mtu mwenye namba yako ana haki ya kukukatiza sura.

Wajua kwamba suala la kuelewa limepimwa? Mwaka 2013 Anne Mangen na wenzake nchini Norway waliwapa wanafunzi 72 wa sekondari matini zilezile, wengine kwenye karatasi na wengine kwenye kioo cha kompyuta. Wa karatasi walielewa zaidi. Mwaka 2018 watafiti wengine wakakusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000: karatasi ikashinda tena, hasa mtu anaposoma kwa haraka na anaposoma mambo ya maarifa. Lakini kwenye hadithi, tofauti haikuonekana. Hapo ndipo ninapopapenda. Kitabu cha mtihani wa bodi, nunua. Riwaya ya mapenzi, soma popote unapotaka.

Na riwaya za mapenzi zinajua hivyo zamani. Msomaji wa Kiswahili hakuhamia kwenye Kindle. Alihamia kwenye grupu. Simulizi ambazo zamani zilitoka kwa awamu kwenye magazeti, kila toleo likikatika mahali pabaya kwa makusudi, sasa zinatoka kwa awamu kwenye Facebook. Sehemu za mwanzo ni bure. Msichana anapofungua mlango na kumkuta asiyemtarajia, mwandishi anaweka namba ya M-Pesa na kusema atakayelipia ataunganishwa kwenye grupu. Watu wanalipia! Ukisikia mtu anasema Watanzania hawanunui vitabu vya kielektroniki, muulize kama amewahi kuwa kwenye magrupu hayo.

Je, wajua kwamba kitabu cha kielektroniki ulichokilipia kinaweza kuondoka chenyewe? Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za wateja waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, na mkuu wa kampuni wakati huo, Jeff Bezos, akaomba radhi. Kimoja kilikuwa 1984. Cha pili tunacho kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, kilipotafsiriwa na Fortunatus Kawegere kwa jina la Shamba la Wanyama. Hicho cha Kawegere, kama kipo kabatini kwako, hakuna atakayekifuta. Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu, na vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka, ingawa wanunuzi walirudishiwa pesa zao. Unapobonyeza kitufe cha kununua, mara nyingi unapewa ruhusa ya kusoma tu. Kitabu chenyewe kinabaki kwao.

Karatasi nayo ina maadui zake. Yeyote aliyewahi kuweka boksi la vitabu sakafuni kwenye nyumba mpya huko Mbezi Msumi au Makabe anajua kazi ya mchwa: jalada limesimama vizuri, ndani ni udongo. Na hata mchwa wasipofika, karatasi rahisi itageuka njano. Mti una kitu kiitwacho lignini, na kisipoondolewa kiwandani hubadilika rangi kwa mwanga na hewa. Ile harufu tamu kidogo ya kitabu cha zamani hutokana na kuoza huko, kwani lignini inapovunjika hutoa vanilini, harufu ileile ya vanila ya kwenye keki.

Je, wajua kwamba namba ya nyuma ya jalada inataja nchi? Baada ya 978, ukiona 9976 au 9987 hicho ni cha Tanzania. 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda. Vitabu vingi vya kabla ya mwaka 2007 havina hiyo 978 mwanzoni. Hapa kwetu namba hizo hutolewa na Maktaba Kuu ya Taifa, jengo lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967. Kitabu kikitoka kwa karatasi na kwa kielektroniki, kila toleo hupaswa kuwa na namba yake.

Wakati mwingine kinachokosekana ni tafsiri. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka 28, na katikati yake Tuzo ya Nobel ya 2021, ndipo mzaliwa wa Zanzibar akasomeka kwa Kiswahili! Karatasi au kioo, tatizo hilo halikuwa la kifaa.

Kwa mzazi mwenye mtoto shuleni: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na kuvisoma ni bure. Mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, una hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, nazo ni ruksa kuzipakua, kuzichapa na kuzigawa. Hakuna haja ya kuviiba.

Na wajua ni nani anayefaidika na kitabu cha kielektroniki kuliko sote? Ni asiyeona. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa katika miundo inayosomeka na wasioona bila kumwendea mwenye haki mmoja mmoja. Simu nyingi za Android zina programu ya TalkBack, na sauti ya Kiswahili ipo. Matamshi yake yana lafudhi ya ajabu kidogo, lakini husoma riwaya kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpe ile PDF ya picha na kidole gumba chake pembeni, na kwa kawaida simu hukaa kimya, au humtajia namba za kurasa tu. Mwandishi anayetaka kukuuzia nakala laini muulize kwanza: ni maandishi, au ni picha?