Birika, Kiwanda na Tanuu: Maneno ya Uani katika Pwani ya Wabajuni

Magofu ya visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Kismayo, yanapotajwa, mazungumzo huelekea haraka kwenye misikiti na makaburi. Katika makala haya mafupi tunapenda kugeukia majengo madogo yanayozunguka nyumba na msikiti: kisima, birika, jiko la nje na tanuu ya chokaa. Bila hayo watu wasingeweza kuishi Koyama, Chovai au Chula, na majina yake yana funzo kwetu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili.

Tuanze na kisima. Katika kisiwa cha matumbawe, maji ya mvua huchujika ardhini na kukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hiyo kisima hakichimbwi kirefu mno, na maji yakichotwa kupita kiasi huingia chumvi. Karibu na kisima cha msikiti kuna birika. Hapo mwanafunzi wa bara hukwama, kwani kwake birika ni chombo cha chai. Pwani, birika ni pia hodhi lililojengwa kwa mawe na chokaa, ambapo waumini hutia udhu.

Chokaa yenyewe hutoka kwenye tanuu. Magogo hupangwa, matumbawe hurundikwa juu yake, kisha moto huwashwa. Mawe yaliyoungua hugeuka unga yakitiwa maji. Kwa dari, fundi alitumia boriti za mikoko, na urefu wa boriti hizo ndio uliofanya vyumba vya nyumba za mawe kuwa vyembamba. Nyumba ya makuti nayo ina sababu nzuri ya kuwa na jiko la nje: cheche moja yatosha kuteketeza paa zima. Tena huko Lamu, uwanja wa ndani wa nyumba ya mawe huitwa kiwanda, neno ambalo kwa wengi wetu leo ni mahali pa mashine.

Kwa nini tunayasisitiza haya? Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na baadhi yao wakafika Ulaya. Nchini Uingereza, lugha imekuwa kipimo kimojawapo kwa waomba hifadhi wanaosema ni Wabajuni. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la nchi hiyo lilieleza kwamba ujuzi wa Kibajuni usipimwe peke yake, bali pamoja na ujuzi wa maisha ya Wabajuni na wa mahali mtu atokako. Katika mahojiano ya namna hiyo, swali kama "Mlichota maji wapi?" ni zito. Mkalimani anayelijua birika la chai tu anaweza kulifanya jibu la kweli lionekane la uongo.

Tunawapendekezea walimu zoezi moja. Kila mwanafunzi achore ua wa nyumba ya bibi yake, aandike jina la kila jengo kama linavyotamkwa kwao, kisha alinganishe na kamusi. Wenye jamaa Wabajuni wawaulize wazee mapema, kwani wengi waliozaliwa ugenini hawakuwahi kuchota maji katika visima hivyo.